Sura ya Tano: Asomi

Mtu anayetaka kununua kiwanja Malili hujifunza somo moja mapema. Dalali atamtembeza uwandani, atamwonyesha mawe ya mpaka, atamtolea nakala ya hatimiliki yenye muhuri na kumhakikishia kwamba shamba ni safi. Mnunuzi mwenye akili haidharau hati hiyo. Anaiheshimu kiasi kwamba hakubali kusomewa na mtu mwingine. Huchukua namba ya kiwanja, akaenda ofisi ya ardhi, akalipa ada, akasoma kwa macho yake jina la mwenye shamba, ukubwa wake, na kama kuna benki inayolidai. Kisha hurudi Malili akawauliza majirani mpaka unapita wapi.

Malili iko kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, mwendo wa kilomita 60 na kitu kutoka jijini. Uwanda ulio jirani yake, ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili, ndio ulionunuliwa na serikali ili pajengwe jiji la teknolojia la Konza. Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi huo Januari 2013. Tangu hapo viwanja vya huku vimekuwa na wateja wa mbali na karibu, madalali nao wakaongezeka, na wenyeji wakajua tofauti kati ya karatasi na maneno ya mtu juu ya karatasi.

Nimeanza na viwanja kwa sababu watu hawahawa, wasiokubali kutoa shilingi elfu moja kabla ya kuhakikisha namba ya shamba, huingia kanisani Jumapili, wakaambiwa "Biblia inasema", na wengi wao hawafungui ukurasa. Wanakabidhi roho zao bila kwenda ofisi ya ardhi. Wakiulizwa sababu, hujibu kwamba kuhoji ni kukosa imani, na kwamba Biblia ina mamlaka.

Mimi nakubali kwamba Biblia ina mamlaka. Sura hii naiandika kama mwamini. Lakini nasema, na nitaeleza kwa nini, kwamba mamlaka hayo hayamwondolei msomaji wajibu wake. Yanamwongezea.

Swali la mtoto

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipokutana na jambo lililonikosesha usingizi. Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 24, kinaeleza jinsi Daudi alivyowahesabu watu wa Israeli, na kinasema kwamba Bwana ndiye aliyemchochea kufanya hivyo. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 21, kinaeleza habari ileile, na kinasema kwamba aliyemchochea alikuwa Shetani. Nilizisoma sura zote mbili mara nyingi, nikitumaini kwamba nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Nilimpelekea jambo hilo mwalimu wangu wa shule ya Jumapili. Hakukasirika, nadhani aliogopa zaidi kuliko mimi. Aliniambia kwamba mtu haiulizi Biblia maswali, bali Biblia ndiyo inayomuuliza mtu. Kisha akaniombea. Nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba nimetenda dhambi, ingawa dhambi yenyewe ilikuwa kusoma kurasa mbili badala ya moja.

Leo naona kwamba mwalimu wangu alikuwa na nusu ya ukweli. Kitabu kisichomuuliza msomaji wake chochote ni kitabu kilichokufa. Nusu ya pili aliikosa, na kuikosa kwake hakukuwa kosa lake peke yake. Nyuma yake kulikuwa na historia ndefu ya jinsi kitabu hiki kilivyofika Ukambani.

Kabla ya kitabu na baada yake

Kabla ya kitabu, Mkamba hakuwa mtu asiye na imani. Alimjua Mulungu, aliyemwita pia Ngai, na Mumbi, yaani muumba. Mvua ilipokawia, sala ilifanywa kwenye ithembo, mahali patakatifu penye mti mkubwa. Aimu, jamaa waliotangulia, walikumbukwa kwa tone la kinywaji na punje ya chakula. Mamlaka ya mambo hayo yalikaa kwa watu: kwa wazee wenye umri na kumbukumbu. Aliyetaka kujua mila inasema nini alikwenda thome, ule uwanja wa nje ya boma ambako wanaume waliketi kuota moto, akasikiliza. Mzee mmoja alisema, mwingine akamsahihisha, wa tatu akaleta kisa cha zamani, na jambo likapimwa mpaka likaiva.

Kitabu kiligeuza mpangilio huo. Kijana aliyejua herufi aliweza kumpinga baba yake, na kumwonyesha kwa kidole pale palipoandikwa. Msichana aliyesoma misheni alipata neno ambalo hakuna mzee angeweza kumnyang'anya. Ndiyo maana Wakamba wa kwanza kuifuata dini hii hawakuitwa kwa jina la kanisa wala la mzungu aliyewabatiza. Waliitwa asomi, wasomaji. Buganda nako, waliobatizwa wa mwanzo waliitwa abasomi. Katika nchi hizi zetu, kuamini na kusoma vilizaliwa siku moja.

Naomba msomaji alishike jina hilo, kwa maana ndilo kiini cha sura hii. Wangeweza kuitwa wasikilizaji, wala isingekuwa aibu. Waliitwa wasomaji.

Marko alipofika Kitui

Maandiko ya kwanza ya Kikamba kupigwa chapa yalikuwa Injili ya Marko, mwaka 1850, huko Tübingen, Ujerumani. Mfasiri alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyekaa Rabai, karibu na Mombasa. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amefika Kitui na kukaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa misafara ya Wakamba. Ni huko, tarehe 3 Desemba 1849, alikouona Mlima Kenya ukiwa na theluji, na wanajiografia wa Ulaya wakakataa kumwamini, kwa kuwa theluji kwenye mstari wa Ikweta haikuwa katika fikra zao. Walikuwa na ramani. Hawakuwa na macho yake.

Kuhusu Injili hiyo ya Marko kuna jambo ambalo kila msomaji wa Biblia anastahili kulijua. Mwaka 1859, miaka tisa baada ya kazi ya Krapf kutoka, msomi Mjerumani Konstantin von Tischendorf alionyeshwa, katika monasteri ya Mtakatifu Katerina, jangwani Sinai, Biblia ya Kigiriki iliyoandikwa kwa mkono katika karne ya 4. Katika nakala hiyo, kama katika nyingine ya karne hiyohiyo iliyohifadhiwa Vatikani, Injili ya Marko inaishia sura ya 16 aya ya 8, pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini wakitetemeka. Aya kumi na mbili zinazofuata hazimo. Humo katika aya hizo ndimo mnamosemwa kwamba waaminio watashika nyoka, na kwamba wakinywa kitu cha kufisha hakitawadhuru. Biblia nyingi za siku hizi huziweka aya hizo katika mabano, au huweka maelezo chini ya ukurasa.

Huko Marekani, katika milima ya Appalachia, yapo makanisa madogo ambayo tangu mwanzoni mwa karne ya 20 huwashika nyoka wenye sumu katika ibada kwa kuitii aya hiyo neno kwa neno, na waamini kadhaa wameumwa wakafa. Mtu wa Kitui au Makueni, anayejua kifutu ni nini na koboko ni nini, atalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Maelezo madogo chini ya ukurasa, ambayo wengi wetu tunayaruka, yanaweza kuwa tofauti kati ya mtu kurudi nyumbani na kutorudi.

Je, kulijua jambo hili kunaipunguzia Injili ya Marko heshima? Kwangu kumeiongezea. Sasa najua kwamba ilinakiliwa kwa mikono ya watu, karne kwa karne, kabla ya mashine yoyote ya chapa, na kwamba wapo watu waliotumia maisha yao kulinganisha nakala kwa nakala ili mimi nijue ninachosoma. Huko ndiko kwenda ofisi ya ardhi.

Neno lililotoka kwa simba

Mwaka 1895, Peter Cameron Scott, kijana mzaliwa wa Glasgow, aliongoza kundi la kwanza la Africa Inland Mission (AIM) kutoka Mombasa hadi Nzaui, ambako leo ni kaunti ya Makueni. Alikufa Desemba 1896, hata miaka miwili haijatimia tangu ashuke melini. Homa iliwamaliza baadhi ya wenzake, wengine wakarudi kwao, na kazi nusura ife. Kutoka mwanzo huo mdogo ndipo lilipotokea kanisa ambalo leo kila mtu wa Ukambani analijua, Africa Inland Church (AIC).

Mmoja wa wamisionari wa mwanzo, Willis Hotchkiss, ambaye mwaka 1902 alikuwa miongoni mwa Maquaker watatu walioanzisha misheni ya Kaimosi, ameacha kisa kinachonigusa kila ninapokikumbuka. Alikaa Ukambani zaidi ya miaka miwili akitafuta neno moja la Kikamba: neno la kuokoa. Alikuwa amekuja kumhubiri Mwokozi, na hakuwa na neno la kumwitia. Jioni moja, watu wakiota moto, alisikia ikisimuliwa habari ya mtu aliyeshambuliwa na simba na mwenzake akamponyesha. Katikati ya simulizi hiyo neno likapita. Hotchkiss aliruka kwa furaha.

Tazama basi neno hilo limetoka wapi. Halikushuka na kitabu. Lilikuwa hapa, katika vinywa vya watu waliojua simba ni nini na mwenzi ni nani. Wamisionari walileta Maandiko. Wakamba walitoa maneno. Kila aya ya Kikamba ina mikono miwili ndani yake, na mkono wa pili ni wetu. Wale Wakamba waliokaa na wafasiri saa nyingi wakipima neno hili na lile, majina yao mengi hayakuandikwa kwenye jalada. Bila wao kitabu kingekuwa wino tu.

Agano Jipya la Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956. Katikati kuna miaka 36. Anayesema "Biblia imesema hivi tangu zamani" akumbuke kwamba watu wazima wa Ukambani walioishi miaka hiyo walikuwa wakristo kamili, wakaomba, wakaoa, wakazikana, kabla ya kuishika Biblia nzima ya lugha yao. Imani yao haikungoja jalada lifungwe.

Kanuni ya imani ambayo AIM ilikuja nayo, na AIC ikairithi, inasema kwamba Maandiko yamevuviwa na Mungu, hayana kosa kama yalivyotolewa mwanzo, na ndiyo mamlaka ya mwisho katika imani na mwenendo. Wengi hukariri sehemu ya mwisho na kuyaruka maneno matatu ya katikati: kama yalivyotolewa mwanzo. Walioyaandika walikuwa waangalifu. Walijua kwamba nakala hunakiliwa na tafsiri hutafsiriwa, na kwamba kati ya mkono wa Marko na macho ya mkulima wa Kilungu kuna safari ndefu. Kanuni yenyewe, ikisomwa kwa makini, inadai msomaji makini.

Mtoto wa Mulango

Safari hiyo ndefu aliichunguza mtu wa Kitui. John Samuel Mbiti alizaliwa Mulango tarehe 30 Novemba 1931. Kituo cha Mulango kilikuwa kimeanzishwa na Walutheri wa misheni ya Leipzig. Vita vya 1914 viliwaondoa Wajerumani, na baadaye AIM ikakishika. Mbiti alisoma Alliance, kisha Makerere, kisha Marekani, na mwaka 1963 akapata udaktari Cambridge. Alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974. Kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kimesomwa dunia nzima, na ndani yake alitumia maneno mawili ya Kiswahili kueleza wazo lake kuu: Sasa na Zamani.

Alisema kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati huelekea nyuma, kwenye Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali haupo katika fikra zake. Ushahidi wake alioutegemea sana ulikuwa vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, ambavyo, kwa hesabu yake, havifiki mbali zaidi ya miaka miwili mbele. Hapo mimi simkubalii. Watu waliochimba matuta kwenye vilima vya Mbooni na Kilungu ili udongo usiondoke, wanaopanda maembe na kununua viwanja kandokando ya jiji ambalo bado linajengwa, hawakosi wakati ujao. Wanafalsafa wengine wa Kiafrika walimpinga kwa hoja zao, na nadhani walikuwa na haki.

Lakini kwenye kitabu chake cha 1971, kilichotokana na utafiti wake wa Cambridge, aligusa jambo ambalo bado halijapona. Aliwatazama wakristo wa Ukambani, watu wa kanisa lake la utotoni, na akaangalia walivyofundishwa alama za Agano Jipya juu ya mambo ya mwisho: moto, hazina, mji, nchi ya juu, kula na kunywa, machozi na maumivu. Aliona kwamba alama hizo zilikuwa zimegeuzwa kuwa vitu. Mji ukawa mji wenye barabara zinazong'aa, na kurudi kwa Yesu kukawa jambo la kesho kutwa. Matokeo yake, aliandika, ni imani inayotazama juu na kusahau njia. Watu waliambiwa wasome, lakini hawakuambiwa kwamba mwandishi wa kale naye alikuwa na namna yake ya kusema, kama vile mzee wa Kikamba anavyosema jambo kwa fumbo akitegemea kwamba hataeleweka vibaya.

Watu wa Malili wanajua kuungoja mji. Wameona ramani yake, wameona picha zake, na wanajua kwamba picha ya mji si mji. Hakuna aliyemwambia mchoraji kwamba ni mwongo. Picha ina kazi yake: inaonyesha tunakoelekea. Ndivyo alivyotaka Mbiti tuzisome alama za Maandiko.

Aliyempinga kwa sababu nzuri

Aliyempinga Mbiti kwa nguvu kuliko wote alikuwa Byang Kato, Mnigeria, katibu mkuu wa umoja wa wakristo wa kiinjili wa Afrika na Madagaska, aliyefanya kazi yake akiwa Nairobi. Mwaka 1975 kitabu chake juu ya mitego ya teolojia barani Afrika kilichapishwa Kisumu, na sehemu kubwa yake ni hoja dhidi ya Mbiti. Kato alihofu kwamba dini za jadi zikipandishwa hadhi, na mazoea ya watu yakifanywa kipimo, Biblia itakuwa sauti moja kati ya sauti nyingi. Alimshtaki Mbiti kwamba anaelekea kufundisha kuwa wote wataokolewa mwishowe. Kwa Kato, neno la Mungu ndilo hakimu, na utamaduni, uwe wa Kiafrika au wa Kizungu, ndio unaohukumiwa.

Desemba mwaka huohuo Kato alizama baharini karibu na Mombasa. Alikuwa na miaka 39. Mabishano hayo hayakupata nafasi ya kukomaa, na Afrika Mashariki ilipoteza mtu aliyepinga kwa hoja na si kwa matusi.

Wengi wameniuliza niko upande wa nani. Kato alikuwa na haki juu ya jambo moja kubwa: bila andiko lililosimama, linaloweza kufunguliwa na yeyote, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuwa neno la Mungu. Mbiti alikuwa na haki juu ya jingine: andiko lisiloeleweka nalo huishia mikononi mwa mwenye sauti kubwa. Ukiziweka hofu zao pamoja, zinaelekea shimo moja.

Na Mbiti mwenyewe alijibu kwa kazi, si kwa maneno. Akiwa Uswisi, amestaafu uchungaji, aliketi na Agano Jipya la Kigiriki na kulifasiri lote kwa Kikamba, peke yake, kwa kuwa aliona kwamba tafsiri iliyokuwapo ilikuwa na makosa mengi. Kazi hiyo ilitoka mwaka 2014, naye amevuka miaka themanini. Alikufa Oktoba 2019. Mtu aliyeshukiwa kwamba anaidharau Biblia alitumia uzee wake akipima kila neno lake, aya kwa aya, kwa lugha ya mama yake. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo.

Msitu wa Shakahola

Aprili 2023, polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Kabla ya kazi hiyo kwisha, miili iliyopatikana ilipita 400, mingi ikiwa ya watoto. Kesi zilifikishwa mahakamani, na mhubiri aliyeshtakiwa pamoja na wenzake walikana mashtaka. Hukumu ni ya mahakama. Lakini nchi nzima ilisikia kwamba watu walifunga kula, wao na watoto wao, wakiamini kwamba njia hiyo inawafikisha kwa Yesu.

Siwalaumu marehemu. Walikuwa watu wenye njaa ya Mungu, wengine wameuza mali zao na kuacha kazi. Nataka tu tuone jambo moja bila kulikwepa: hawakukosa imani katika mamlaka ya Biblia. Waliamini kuliko wengi wetu. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua kitabu kando yao na kusoma aya iliyotangulia na aya inayofuata, na kuuliza mbele ya wote: hili limeandikwa wapi?

Hapo ndipo penye hatari ya mafundisho kwamba kuuliza ni dhambi. Tunadhani yanailinda Biblia. Yanamlinda dalali.

Mkononi mwa nani

Wapo watakaosema: ikiwa kila mtu atasoma mwenyewe, si kila mtu atakuwa na dini yake? Ni hofu ya haki, na Maandiko yenyewe yana jibu. Matendo ya Mitume, sura ya 8, inamweleza Mwafrika, towashi wa Ethiopia, aliyekuwa safarini katika barabara ya jangwa akisoma kitabu cha Isaya ndani ya gari lake. Filipo alipomuuliza kama anaelewa, hakuona aibu kukiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Akamkaribisha apande, wakaketi pamoja. Filipo hakumnyang'anya kitabu. Na sura ya 17 inawasifu watu wa Beroya kwa sababu walimsikiliza Paulo kwa moyo, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyosema ndivyo yalivyo. Paulo alipimwa, na hakuna aliyewaambia watu wa Beroya watubu.

Kusoma mwenyewe, basi, si kusoma peke yako. Ukambani tuna neno mwethya, kikundi cha majirani wanaotoka na majembe kuchimba matuta ya shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Hakuna mwenye kusema kwamba kwa kuwa tumechimba pamoja, shamba si langu. Imani ni shamba la mtu, atalihesabia mwenyewe. Kulilima ni kazi ya mwethya. Wazee waliozoea thome walijua kwamba neno halipotezi nguvu kwa kujadiliwa. Neno ambalo halivumilii moto wa thome halikuwa neno la kweli.

Nirudi kwenye swali langu la miaka kumi na mitatu. Nilipokua nilijifunza kwamba kitabu cha Mambo ya Nyakati kiliandikwa baada ya kile cha Samweli, baada ya watu wa Yuda kupelekwa uhamishoni Babeli na kurudi. Katika mateso hayo walikuwa wamefikiri upya chanzo cha uovu, na hawakuweza tena kusema kwa wepesi kwamba kila kinachomchochea mtu kimetoka kwa Mungu. Hapo tunasikia vizazi viwili vya watu wanaomcha Mungu mmoja, kila kimoja kikisema kadiri ya nuru yake. Na waliokusanya Maandiko walizijua kurasa zote mbili. Wangeweza kuifuta moja, lakini waliziacha zote, kwa maana walimwamini atakayesoma.

Ndugu msomaji, uwe Malili, Wote, Mwingi au ughaibuni, nakuomba jambo moja. Jumapili ijayo ukisikia "Biblia inasema", fungua. Tafuta aya yenyewe. Soma sura nzima. Soma maelezo yaliyo chini ya ukurasa. Ikiwa unayo ya Kikamba na ya Kiswahili, zilinganishe. Ukikwama, muulize mtu anayekuzidi maarifa, na akikujibu kwamba kuuliza ni dhambi, mshukuru, kisha mtafute mwingine. Mtoto wako akikuletea kurasa mbili zisizopatana, usimwambie atubu. Keti naye, mzisome zote mbili.

Waliotutangulia waliitwa asomi. Hilo halikuwa jina la sifa. Lilikuwa jina la kazi, na kazi hiyo bado haijaisha.